Chai Mpaka Ukingoni

Kwa miaka kumi na tisa Saidrahmon alikuwa mgawa maji wa shamba la ushirika la pamba, na kazi ile ilimfunza jambo ambalo kila mgawa maji wa Bonde la Vakhsh analijua: ukimpendelea mmoja kwa dakika kumi, mwingine hatakusamehe mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo hakumpendelea mtu. Mtaa wa Juu walikaa watu wa Kulob na Mtaa wa Chini watu wa Gharm, wote wajukuu wa watu waliopakiwa kwenye malori na serikali kutoka milimani kuja kulima pamba, na wote walimtukana sawasawa. Yeye alikuwa Mgharm. Mkewe, Safargul, alikuwa Mkulob. Watu walipomtania kwamba kitanda chake kimepitiwa na mpaka wa nchi, alicheka nao, akaenda zake kufungua malango ya maji.

Mwaka wa tisini na mbili utani uliisha. Wakubwa waligombea viti huko mjini, na huku bondeni watu wakaanza kuulizana babu zao walitoka mlima gani. Mwezi wa tisa vijana wa Gharm walishika bunduki, wakachoma nyumba mbili za Mtaa wa Juu na kumburuta mwalimu wa hesabu barabarani kwa ndevu zake. Saidrahmon aliyaona hayo kwa macho yake, akaona aibu ambayo hakuweza kumweleza mtu. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Watu wa Kulob walikuwa wamepata vifaru, Mungu ndiye anayejua kutoka wapi, na walikuwa wanateremka bondeni shamba baada ya shamba.

Asubuhi hiyo mdogo wake, Nazrullo, alimkuta kwenye lango kubwa la mfereji.

"Kaka, fungua," alisema hata kabla ya salamu. "Ukifungua sasa, mpaka adhuhuri barabara yote ni tope. Hata kifaru kitazama. Matela tumeshayapakia. Tunataka siku moja tu, wazee na watoto wafike mtoni."

Mto aliousema ni Panj, na ng'ambo yake ni Afghanistan. Mtu wa Vakhsh haendi kule kwa kupenda.

"Nikifungua, nimeingia vitani," Saidrahmon alisema. "Safargul nitamwambia nini? Kwamba nimewazamisha ndugu zake?"

"Hakuna atakayezama, watakwama tu. Na vitani ulishaingia siku mama alipokuzaa. Unadhani wakifika watakuuliza umewagawia maji kwa haki?"

"Wapo wanaonijua."

"Wanakujua, ndiyo. Ndiyo maana wanajua mlango wako uko wapi."

Saidrahmon alimwomba nusu saa ya kufikiri. Nazrullo akamtazama kama mtu anayetazama gari linaloharibika katikati ya safari, akarudi kwenye matela.

Hata nusu saa haijaisha, Davlatyor akafika na pikipiki yake. Davlatyor alikuwa kaka wa Safargul na msimamizi wa karakana ya matrekta. Yeye na Saidrahmon walilala vitanda jirani jeshini, wakagawana soksi na sigara, na ni yeye aliyempigania kwa mama yake apewe binti wakati ukoo mzima wa Kulob ulikuwa umesema hapana. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Saidrahmon angemwachia roho yake aishike mkononi, ni huyo.

"Shemeji, najua ndugu yako amekuja kutaka nini," Davlatyor alisema, akikaa juu ya ukingo wa lango. "Na mimi nimekuja kukuomba kinyume chake. Usifungue."

"Nipe sababu."

"Nimeongea nao. Makamanda watakuja kula kwangu mchana. Uwepo. Useme kwa mdomo wako kwamba Mtaa wa Chini hawana bunduki, wale vijana wahuni walishakimbia, na barabara umeiacha kavu kwa makusudi. Nitasema huyu ni wetu, nitasimama naye. Wewe ukiwa umekaa kwenye kitambaa changu cha chakula, nani atagusa mtaa wako?" Akatoa mkate uliokuwa kifuani ndani ya koti, akauweka juu ya paji la uso wake. "Mkate huu uniue kama nakudanganya."

Mtu wa kule haapi kwa mkate ovyo. Anaweza kumwapia Mungu uongo sokoni kutwa nzima na akalala usingizi wake, lakini mkate ukidondoka chini anauokota na kuubusu. Saidrahmon alisikia mzigo ukimtoka mabegani. Kumbe kulikuwa na njia ya kutochagua, au ya kuchagua amani, ambayo kwake ilikuwa ni jambo lile lile. Akakubali, tena kwa furaha, na hapo ndipo alipoingia mkenge.

Alipita Mtaa wa Chini na kuwaambia. Wazee walimzunguka, akasimama kwenye tela la kwanza na kurudia kila neno la Davlatyor, pamoja na kiapo. Waliposikia habari za mkate, nyuso zikalegea. Nani anataka kuvuka mto wa baridi na wajukuu mgongoni kama inawezekana kubaki?

"Shusheni mizigo," akawaambia. "Mimi nimo ndani ya maneno haya."

Qumri, mke wa Nazrullo, ndiye aliyeuliza.

"Shemeji, una hakika?"

"Ninayo."

Qumri akaanza kufungua kamba za tela mwenyewe, akamteremshia Saidrahmon bunda la magodoro ili amsaidie kulipeleka ndani.

Nyumbani kwa Davlatyor kitambaa cha chakula kilikuwa kimetandazwa sakafuni sawasawa: mikate, zabibu kavu, komamanga zilizopasuliwa. Safargul alikuwa huko tangu juzi. Kaka yake alimfuata akisema mama anaumwa. Mama alikuwa akitembea uani, mzima kabisa. Saidrahmon aliliona hilo, akalipita. Mkewe alimsalimu kwa macho akiwa jikoni, akarudi kwenye karoti za wali.

Davlatyor alimmiminia chai mwenyewe, nusu kibakuli, kama anavyomiminiwa mgeni anayetakiwa akae. Akanywa, akamiminiwa nusu nyingine. Walikumbushana sajini wao aliyekuwa akikoroma kwa Kirusi. Makamanda walichelewa.

"Wako njiani," Davlatyor alisema.

Baada ya muda akasema tena wako njiani, akammiminia nusu nyingine.

Ndipo alipoingia Bibi Zulaykho, mama mkwe. Mwanamke huyu hakula harusi ya Saidrahmon, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akimwita "yule bwana wa mfereji". Alipiga magoti, akachukua birika mkononi mwa mwanawe bila kuuliza, akamimina kibakuli cha mkwewe mpaka ukingoni, chai ikafurika na kulowesha kitambaa.

Katika bonde lile hata mtoto anaijua lugha hiyo. Kibakuli kikijaa, mgeni ameambiwa avae viatu vyake.

"Kunywa, mkwe," alisema. "Kisha nenda ukaangalie maji yako."

"Mama mikono yake inatetemeka siku hizi," Davlatyor alisema haraka, akacheka.

Saidrahmon alisikia damu ikimpanda usoni. Siku kama hii, akiwa amekuja kuokoa mitaa miwili, bikizee huyu bado anamfukuza kitambaani kama mwombaji. La, leo haondoki. Alikiinua kibakuli kile kwa mikono miwili, akakinywa taratibu mpaka tone la mwisho huku akimtazama, akakinyoosha tena. Bibi akamjazia tena mpaka ukingoni. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

"Masikio yako yameziba, mwanangu?" akamwuliza kwa sauti ya chini. Hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Mtu asiyekuwa na hasira angelisikia neno hilo.

"Nimealikwa na mwenye nyumba, mama. Mwenye nyumba ndiye atakayeniaga."

Bibi Zulaykho alimtazama mwanawe, akaweka birika chini na kutoka. Saidrahmon akanywa chai yake, na alihisi kwamba ameshinda.

Kibakuli kilikuwa bado mkononi vyombo kwenye kitambaa vilipoanza kulia. Kwanza alidhani ni trekta. Kisha ardhi yenyewe ikatikisika, na ngurumo ikapita nyuma ya ukuta, ikafuata barabara kavu, nzuri, ngumu, kuelekea Mtaa wa Chini. Moja, ya pili, ya tatu. Baada yake malori.

"Ulisema watakuja hapa," Saidrahmon alisema.

Davlatyor alikuwa akiyapanga maganda ya komamanga kwenye sahani.

"Kaa, shemeji."

"Uliapa kwa mkate."

"Ningefanyaje? Ningekuambia ukweli ungefungua maji. Ndugu zangu walichomewa nyumba mwezi wa tisa, hilo umeshalisahau?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nimeomba mawili nikapewa: wewe na dada yangu hamtaguswa. Mengine hayakuwa mikononi mwangu. Kaa, wali unakuja."

Saidrahmon alitoka bila viatu. Mlangoni alipita karibu na Safargul, ambaye alikuwa amesimama na kisu cha karoti mkononi, mdomo wazi, akimwangalia kaka yake kama mtu asiyemfahamu. Huyu angalau hakujua. Hilo ndilo lililobaki kwake siku ile, na hakuwa na nafasi ya kulifurahia.

Mlio wa bunduki aliusikia akiwa njiani. Alipofika, malori yalikuwa yameshageuza na kuondoka, na wanaume wa mtaa walikuwa wamepakiwa ndani yake, Nazrullo akiwa mmojawapo. Nyumba ziliwaka pande zote mbili. Matela yalisimama katikati ya mtaa yakiwa matupu, kamba zake zimekunjwa vizuri. Magodoro, unga, vitanda vya watoto, kila kitu kilikuwa ndani kikiungua, palepale alipowasaidia kukiweka.

Nyumba yake ilikuwa nzima. Hata kuku walikuwa uani. Kwenye lango mtu alikuwa ameandika kwa chaki, mwandiko mkubwa wa haraka: WA KWETU.

Wanawake walianza kutoka kwenye shamba la pamba, mmoja mmoja, wakiwa na watoto. Qumri alikuwa wa mbele. Nusu ya nywele zake ilikuwa imeungua na mtoto wake mdogo alikuwa amemshika sketi. Alisimama mbele ya lango lile, akasoma chaki, akasoma tena. Kisha akamgeukia.

"Qumri," Saidrahmon alisema. "Wallahi walinidanganya. Davlatyor alinidanganya."

"Swali moja tu, bwana." Miaka yote alimwita shemeji. "Uliposimama pale ukatuambia tushushe mizigo, walikuwa wamekuambia wataingia saa ngapi?"

"Hawakuniambia. Sikujua."

"Ulikuwa wapi wakati wanaingia?"

Alifungua mdomo. Alikuwa anakunywa chai nyumbani kwa Mkulob, na hilo ndilo jibu la kweli, hakuwa na jingine. Alilisikia kichwani jinsi litakavyosikika kwa mwanamke huyu, akafunga mdomo.

Qumri alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa, akambeba mtoto na kuanza kutembea kuelekea mtoni.