Mtu Mwenye Mchi

Mimi ni fundi cherehani wa Nyasura, Bunda, na sioni haya kusema kwamba hadithi za mazimwi na falme zisizokuwepo nazisoma kuliko Zaburi. Kila Ijumaa mchana sura mpya ya Lango la Tandala inapoingia kwenye simu, nguo za wateja zinasubiri. Mwenye haraka aende kwa fundi asiyesoma.

Kundi letu la wasomaji kwenye WhatsApp lina watu wa Musoma, Bunda na Butiama. Kiongozi wake ni Mwalimu Mwikwabe, wa kijijini kwetu Butiama. Mwezi mzima tulibishania jambo moja: lile jeshi linalokuja mbio kuelekea mji wa Tandala linataka nini? Karibu wote walisema linakuja kupora. Eliud wa Musoma akasema halina bendera wala ngoma, basi ni majambazi. Mwalimu akagonga muhuri: "Watu wasiopiga hodi wanakujaga kuiba."

Nikawaambia macho wanayo lakini hawasomi. Mwandishi ametuonyesha mmoja amevaa kiatu kimoja, mwingine ameshika mchi wa kutwangia. Nani anaenda kupora na mchi? Anayekwenda vitani hunoa silaha, hufunga chakula. Anayebeba kilichokuwa karibu na mkono ni mtu aliyesikia yowe. Na katika sura ya tatu mlinzi wa mnara wa Tandala alipiga yowe, tena mara mbili. Kwetu yowe likipigwa mnatoka, mliovaa na msiovaa, na asiyetoka anatengwa. Lile jeshi linakuja kusaidia.

"Mama Grace, hizo ni hisia tu," Mwalimu akaandika. "Rudi kwenye cherehani yako."

Hapo alinichokoza. Nikaandika watu wote wakisoma: "Hivyohivyo ndivyo ulivyosema juu ya Burito."

Burito ni mdogo wangu. Miaka kumi na moja iliyopita, alfajiri, ng'ombe wa Mwalimu waliibwa, naye akapiga yowe. Burito akashika mchi wa mama uani, akakatiza mtoni ili awazibie wezi njia. Waliokuwa wanafuata nyayo walipomwona anatokea upande wa wezi, mshale ukamwingia pajani. Kwenye kikao cha kijiji, aliposhtakiwa kuwa mwenzao wa wezi, Burito akasema alikuja na mchi, alikuja kusaidia. Wakamuuliza, uko wapi? Mchi haukuonekana. Mwalimu akashuhudia kwamba alimkuta mikono mitupu, kama mtu anayesubiri kukabidhiwa ng'ombe. Burito akatengwa: asipewe moto, asisalimiwe. Sasa anavua dagaa kisiwani Rukuba, anachechemea, na hata mama alipofariki hakuruhusiwa kuja kuzika.

"Futa hayo maneno," Mwalimu akaandika.

"Sifuti."

"Nitakutoa kwenye kundi."

"Nitoe. Nitapanda gari nije niyaseme mlangoni pa kanisa, watu wakitoka misa."

Hakunitoa. Akasema tusubiri Ijumaa. Jeshi likipora, nitaomba radhi mbele ya wote na jina la Burito nisilitaje tena. Nikamjibu kwamba mwandishi ataandika anavyotaka, lakini Burito hakuandikwa na mtu. Nilimbeba mgongoni, namjua.

Maneno yalikuwa makali, ila moyoni niliogopa. Jeshi likipora, watu wangecheka, na mdogo wangu angezikwa akiwa hai mara ya pili.

Ijumaa ikafika. Niliisoma sura ile sindano ikiwa imezama kwenye shati la mtu. Jeshi lilifika langoni likitweta. Walinzi wakafyatua mishale. Mwenye mchi akaanguka wa kwanza, na kabla hajakata roho akawaambia wa juu ya ukuta: "Tumesikia yowe lenu."

Nilishinda, na nililia.

Halafu ukaingia ujumbe wa sauti wa Mwalimu. Akasema: "Mama Grace, ule mchi niliuona. Ulikuwa kwenye majani, pembeni yake. Mshale ulikuwa wangu. Niliogopa wataniambia nimemchoma mtu aliyekuja kunisaidia, nikauficha mchi. Uko darini kwangu mpaka leo. Nilikuwaga nataka kuuchoma moto, nikashindwa."

Nikausikiliza mara mbili. Kisha kazi iliyopaswa kufanywa niliifanya.

Baada ya dakika chache akaandika tena: "Nimekosa, dada yangu. Naomba niifute hiyo sauti, wazee wa kijiji wasije wakaisikia."

"Futa tu, Mwalimu," nikamjibu. Ilikuwa imeshafika Rukuba, kwa Burito.