Daftari la Kijapani la Faraz

Alimohamed hakulia. Jamatkhana, kwenye nyumba yao ya ibada, watu walimshika mkono wakampa pole ya msiba, naye akajibu "ahsante, ahsante", kama anayepokea wateja. Sanduku la nguo la marehemu mwanawe Faraz lilipofika kutoka Osaka, Japani, alikunja upya mashati yaliyokuwa yamekunjwa vizuri, kisha akala wali wake. Mkewe, Rashida, ndiye aliyelia kwa niaba ya wote wawili. Mzee mwenyewe alikuwa kafa ganzi, hasikii kitu.

Ilikuwa mwaka 2012. Ndani ya sanduku mlikuwa na daftari lililoandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Miaka minne nyuma, Faraz alipokataa kurithi duka la dawa, mzee alimwambia palepale uwanja wa ndege: "Ukienda huko, usinipigie simu." Rashida alimsihi, "Baba Faraz, mtoto akililia wembe, mpe!" Wapi! Mbishi yule. Na mtoto naye alirithi ubishi huohuo, ingawa duka alilikataa. Hakupiga hata mara moja, mpaka moyo ukamsimama akiwa kazini. Sasa mzee alitaka kujua jambo moja tu: kama mwanawe aliwahi kumkumbuka.

Kumpa mtu amsomee? Abadan! Siri ya nyumba haisomwi na mgeni. Akajiandikisha darasa la Kijapani la Jumamosi, kwenye maktaba moja ya Scarborough, huko ughaibuni walikohamia. Utotoni Tabora alizimaliza herufi za Kigujarati kwa mwezi, na za Kizungu kwa mwezi mwingine, kwa hiyo hiragana, herufi arobaini na sita za Kijapani, aliziona mchezo. Akazihifadhi zote, akafungua daftari.

Lo! Alisoma "no", akasoma "ni", akasoma "ta". Kati yazo ilijaa michoro ya kanji, na yote ilikuwa giza kwake.

"Kwa nini mnachanganya hivi?" alimfokea mwalimu Jumamosi iliyofuata. "Si mchague moja!"

Bi Nishimura, mama wa makamo asiyecheka ovyo, hakukasirika. "Kanji tuliziazima Uchina, na kila moja imebeba maana. Lakini maneno yetu yana mikia inayobadilika, ya Kichina hayana. Hiragana ndizo zikashika mikia. Tena hatuachi nafasi kati ya maneno. Ukiandika hiragana tupu, msomaji anahangaika kujua neno linaanzia wapi."

Alimohamed akamwaza Rashida anavyosema "nimeparki gari": shina la Mzungu, kilichobaki chetu. Akaelewa. Kuelewa hakukumpunguzia kitu.

"Nichoree 'baba'," akasema.

Mwalimu akachora, mistari minne tu. Wiki nzima mzee alipekua kurasa mia moja na sitini, kidole kikifuata kila mstari, Rashida akimwita chakula kinapoa. Alama ile aliipata mara moja. Mara moja tu, jamani!

Hapo ubishi ukamwishia. Jumamosi, wenzake walipotoka, akaliweka daftari mbele ya mwalimu, akaufunika ukurasa kwa viganja viwili, akaacha ufa mwembamba.

"Mstari huu tu, Bi Nishimura. Mwingine usiutazame."

Mwalimu akainama, akasoma polepole. "Leo ni siku ya kuzaliwa ya baba. Nilitaka kupiga simu. Sikupiga."

"Basi?"

"Basi."

Mwaka ulikuwa juu ya ukurasa kwa tarakimu, na siku hiyo Alimohamed aliikumbuka vizuri. Alikuwa anatimiza sitini na tano, keki ikakatwa, naye akakaa kando ya simu tangu mchana akimlaani mtoto asiye na adabu. Namba ya Osaka ilikuwa ukutani mbele yake, kwa mwandiko wa Rashida. Alijua kuipiga. Alisubiri kupigiwa.

Maji yakamtoka puani kama mtoto, wala hakujali kwamba mwalimu anamwona. Akaomba penseli. Chini ya mstari wa mwanawe, kwa hiragana tupu maana ndizo alizozijua, akaandika: hata mimi.