Kinyozi Agombea Ubunge

Nchi yetu ilikuwa changa kiasi kwamba bendera yake haijaanza kupauka, wakatangaza uchaguzi wa kwanza wa bunge. Mimi, kinyozi, nikajitazama kwenye kioo kikubwa cha dukani, nikaona mbunge. Ndiyo hasara ya kufanya kazi mbele ya kioo kutwa nzima.

"Unashindana na nani?" mke wangu aliuliza.

"Na mkunga wa zahanati."

Akaacha kukunja nguo. "Yule aliyezalisha mtaa mzima, mimi nikiwemo?"

"Siasa si uzazi," nikajibu. Niliiona sentensi tamu sana, nikaiandika kwenye mabango.

Tangu hapo duka likageuka ukumbi wa mikutano. Mteja akishafungwa shuka shingoni, namwanzia katiba, mipaka, maji ya bomba, atakimbilia wapi? Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto wa kichwa cha seremala, likapita gari la matangazo la mkunga. Nikatoka mbio na mkasi mkononi kwenda kujibu. Watu wakakusanyika, nikanogewa. Niliporudi, seremala ameshaenda zake kazini na nusu kichwa. Kila aliyemwuliza nani kamfanya vile, alimjibu, "Mbunge wenu mtarajiwa." Hakuna bango langu lililofika mbali kama lile.

Siku ya kura, mama yangu mzazi aliamka kabla yetu sote. Alizaliwa chini ya serikali ambayo haikuwahi kumwuliza chochote. Akavaa gauni lake la kwendea harusi, nikamshika mkono hadi kwenye foleni. Alikawia ndani ya kibanda cha kupigia kura mpaka msimamizi akakohoa. Alipotoka alikuwa anafuta macho.

"Mama, umenipa?"

"Kura ni siri," akasema, akikitazama kidole chake chenye wino. "Ila picha yako imetoka vizuri, mwanangu."

Nikamketisha kivulini, nikarudi kwenye foleni.

Zamu yangu ilipofika, kuiona sura yangu kwenye karatasi ya kura kulinipagawisha. Badala ya kuweka alama ya vema, nikatia sahihi, kubwa, yenye mkia, kama mtu maarufu anayegawia mashabiki picha. Jioni, wakati wa kuhesabu, msimamizi akainua karatasi moja juu.

"Hii imeharibika. Ina sahihi ya mgombea."

Chumba kizima kikageuka kunitazama. Nami nikageuka kutazama nyuma yangu, kama vile huyo mgombea amesimama huko. Mkunga alinibwaga vibaya mno, hata kura yangu ingekuwa nzima isingefua dafu. Nikajifariji kwa hilo.

Siku ya kuapishwa kwake ilipokaribia, mkunga akaja dukani. Nilijua amekuja kunicheka. Akakaa kitini.

"Nipunguze nywele, mwanangu. Halafu nisaidie na hicho kiapo. Wewe ni mtu wa maneno. Mimi nimezoea kusema 'sukuma' tu."

Kiapo nilikuwa nimeshakihifadhi chote. Nilikifanyia mazoezi mbele ya kioo hata kabla ya kampeni kuanza. Nikamtajia kipande kwa kipande, naye akafuatisha, mkono wa kulia juu, shuka shingoni. Alipofika kwenye jina jipya la nchi, ulimi ukamponyoka, likatoka la zamani. Akajiziba mdomo. Wateja kwenye benchi hawakucheka.

"Tena, mama," nikamwambia.

Safari hii jina lilitoka sawasawa, kwa sauti ileile ya chumba cha kujifungulia. Mtu mmoja benchini akalirudia chini chini, kama anayejaribu kiatu kipya. Nikauweka mkasi mezani kwanza, ndipo nami nikalirudia. Mama wa watu alikuwa anakwenda bungeni. Nisingependa akaapishwe na sikio moja.