Mke wa Kinyozi Hacheki

Kinyozi alikuwa na desturi moja ambayo wateja wake hawakuijua: kila kichekesho alikijaribu kwanza kwa mkewe. Alikileta mezani wakati wa chai ya asubuhi, kikiwa bado kibichi. Mke akicheka, kilikwenda dukani kikazungushwa kwenye kila kichwa. Akinyamaza, kilitupwa. Na mama yule hakuwa mgumu hata kidogo. Alikuwa mtu wa kucheka mpaka ashike mbavu na kuomba asamehewe.

Halafu akaacha.

Ilikuwa nyumbani kwa wifi yake, sebule imejaa watu. Mume alisema jambo kuhusu kipara cha shemeji, yeye akaangua kicheko, na katikati ya kicheko akahisi joto likishuka mapajani. Alipoinuka, kiti kilikuwa na doa. Wifi hakusema neno. Alileta taulo, akalitandika pale, akaendelea kumimina chai. Afadhali angesema.

Mwanzoni kutocheka kulikuwa kazi. Mume akifungua mdomo, yeye aliuma shavu kwa ndani na kuanza kukagua vigae vya jikoni kwa macho, kipi kimepasuka, kipi kinacheza. Alivaa vitambaa ndani ya nguo, akavifua peke yake na kuvianika chini ya shuka. Maji ya kunywa aliyapunguza mpaka midomo ikamkauka. Baada ya muda hakuhitaji tena kuuma shavu. Vichekesho vilikuja vikapita, naye akavitazama tu kama magari ya watu wengine. Hakuwa na huzuni. Hakuwa na chochote.

Kinyozi naye akawa anavitupa, asubuhi baada ya asubuhi. Hakuuliza kulikoni, alimtazama usoni, akamaliza chai yake, akaondoka. Dukani akaweka redio. Mteja mmoja alimwambia mama yule sokoni, "Siku hizi mzee ananyoa kimya kimya utadhani anaosha maiti." Akajibu, "Ndiyo hivyo," akaendelea kuchagua vitunguu.

Siku moja mumewe akatangaza, huku akikoroga chai, kwamba anafunga duka na kuuza kiti cha kunyolea.

"Nimechoka," alisema.

Mke alijua si uchovu. Alijua pia kwamba ilimpasa kuumia, akajitafuta ndani asione pa kuumia. Hapo ndipo alipoogopa, akampigia simu binti yake na kumweleza yote.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ile kwa shangazi yako."

"Na umekaa nalo tu?"

"Uzee huo, mwanangu. Nikaushtaki kwa nani?"

"Kwa daktari, mama!"

Daktari alikuwa mwanamke mwenye kucha fupi na mikono ya baridi. Alimtaka akohoe kibofu kikiwa kimejaa. Mama akakohoa, yakatokea ya kutokea, naye akatazama dari.

"Umezaa mara ngapi?"

"Nne. Na wa mwisho alikuja na mabega ya mbeba mizigo."

Daktari akacheka. Mama mwenyewe hakucheka.

"Misuli inayoshikilia kibofu imelegea, mama. Kuzaa kumo, umri umo. Wanawake wengi wa rika lako wanalo tatizo hili, ila kila mmoja anajificha kivyake." Akamfundisha kuibana misuli ile kama anayezuia mkojo, aishikilie, kisha aiachie polepole bila kubana pumzi, na arudie kila siku. Apunguze chai, lakini maji anywe, maana mkojo mzito hukichokoza kibofu. Yakishindikana hayo, kuna kifaa kidogo cha kuvaa ndani, na kuna upasuaji.

Akabana akiosha vyombo, akabana kwenye foleni, akabana akisikiliza jirani akisengenya, uso mkavu. Miezi ikapita, vitambaa vikapungua. Chafya ikaja ikapita salama. Akakingojea kicheko chake kirudi, hakikurudi.

Kiti cha kunyolea kilikuwa kimeshaletwa nyumbani, kimesimama ukumbini kikimsubiri mnunuzi, asubuhi ile alipomwambia mumewe, "Nichekeshe."

Kinyozi aliinua macho. Akatoa kile cha kipara cha shemeji, lakini alikisema kama mtu anayesoma maandishi kwenye chupa ya dawa. Mke akatoa "ha-ha" mbili.

"Usinionee huruma," kinyozi akasema, akaweka kikombe chini. "Vicheko vya bandia nimevisikia sana dukani. Nimechuja, mke wangu. Nilijulia kwako kabla ya wateja."

Basi akamwambia. Doa, taulo, vigae, vitambaa, daktari. Alisema bila kulia, kama anayetaja alivyonunua sokoni. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku zote hizi nilidhani ni mimi."

"Nilijua unadhani hivyo."

"Na ukaniacha?"

"Nilikuacha."

Chai ikapoa.

"Na wewe nenda kapimwe," mke akasema hatimaye. "Nakusikia chooni. Unafungua bomba ili nisisikie, unasimama mpaka ndoo inajaa, na kwako yanatoka matone. Nimemuuliza daktari. Anasema kwa wanaume wa umri wako mara nyingi ni tezi dume iliyokua ikabana njia. Dawa zipo."

Masikio ya kinyozi yalimwiva kwa aibu. Alikitazama kikombe, kisha akamtazama mkewe, na pembe moja ya mdomo ikaanza kucheza.

"Kumbe wewe unavuja, mimi nimeziba," alisema. "Wangetuchanganya, si angepatikana mzima mmoja?"

Kicheko kilimtoka mke bila hodi. Alishika meza, akashika mbavu, machozi yakamshuka, akaomba asamehewe, asisamehewe. Matone mawili yalimponyoka. Aliyasikia vizuri kabisa, na hakubana.

"Hiki nakipeleka dukani," kinyozi akasema, akiinuka.

"Thubutu!"

Lakini alikuwa amekwishafika ukumbini, anakisukuma kiti cha kunyolea kuelekea mlangoni.