Mwanga wa Ukumbi wa Boko

Asubuhi hiyo Atuganile alikuwa mbele ya kompyuta ya ofisi ya wasanifu majengo, Mikocheni, akitafuta kwa nini mwanga wa jua hauingii katika ukumbi wa kushonea nguo uliokuwa ujengwe Boko. Mwenye kiwanda hakutaka madirisha. Alisema mafundi watapitisha vitambaa nje. Aliruhusu matundu membamba tu chini ya dari, na programu ya kupima mwanga ilikuwa ikitoa picha nyeusi tii.

"Amri umeandika sawasawa?" aliuliza Gozbert, bosi wake.

Hakuwa ameandika sawasawa. Maelekezo ya mwanga aliyaweka baada ya jina la faili, na programu haikuyasoma. Akayahamishia mbele, akaagiza mwanga udunde ukutani mara mbili. Picha ikapambazuka taratibu. Ndani yake walikuwamo wanawake wameinamia vyerehani, nyuso zikikaribia kugusa kitambaa. Hakuna aliyewachora.

Mmoja akainua kichwa, akasema anaitwa Nusaiba. "Sista, ongeza kidogo. Tundu la sindano hatulioni."

Akaongeza midundo hadi minne, kisha saba.

"Hapo sawa. Usipunguze tu."

Gozbert alikuja kutazama. "Hao watu watoe kabla hujachapa. Mteja hajaomba watu."

"Lakini bosi, ukuta wa kweli hauwezi kudundisha mwanga hivi. Inatakiwa madirisha."

"Picha ina mwanga, Atu. Unataka nini tena?"

Kibali cha ujenzi kilitoka kwa picha ile. Ukumbi ukajengwa, wanawake walewale wakaajiriwa, na mwanga ukawamo, ilimradi kompyuta ya Mikocheni iendelee kuikokotoa amri ile. Atuganile aliligundua hilo siku alipozima kompyuta ili awahi kumwona mama yake hospitali. Alikuwa bado anafunga mkoba simu ya mezani ilipoita.

"Sista, umetoka?" Ilikuwa sauti ya Nusaiba. "Huku giza. Mwenzetu kajishona kidole."

Aliweka mkoba chini, akawasha mashine, akaandika amri upya. Majirani ndio waliokwenda kumwona mama yake.

Mgao wa umeme ulipoanza, Atuganile alimpelekea habari mwenye kiwanda, akidhani sasa ukuta utatobolewa. Mzee yule alikuja mwenyewe, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatisha. Kesho yake akaleta jenereta, wakaifunga nyuma ya ofisi. Alimshukuru Atuganile kwa uaminifu wake na kumwomba asikae mbali na mashine.

Tangu hapo Atuganile akawa anakula palepale mezani. Brightson, mchumba wake, alikuja jioni mbili tatu, akakaa kwenye kiti cha wageni, baadaye akaacha kuja.

Mwaka haujaisha, kiwanda kikapata oda kubwa na kuongeza zamu ya usiku. Gozbert alimletea taarifa hiyo pamoja na chai. Atuganile alikunywa nusu kikombe, akabadilisha saa kwenye amri ili jua liwe la adhuhuri, akabonyeza.

"Sista, upo?" aliuliza Nusaiba.

"Nipo," alisema, akavuta kiti karibu.