Kinu Kilicho Kifuani Mwangu

Usiku wa jana niliota tonge la ugali limenikalia mkononi, linaniuliza kama nimeshaamua.

Nikaliambia bado.

"Sikusukumi," likasema. "Ila nimeshakatwa. Siwezi kurudi sahanini. Unaijua desturi ya nyumba hii."

Niliijua. Kwa wazazi wa mume wangu, hapa Tukuyu, tonge ukishalikata halirudishwi, na mkamwana haondoki kwenye chakula kabla ya wakubwa. Tulikuwa tumekaa mkekani: mama mkwe wangu, wifi yangu Tumpe, mashangazi watatu wa mume wangu, na mimi, Sekela, mwisho wa mkeka karibu na mlango. Ulikuwa ndio ule mlo wa Jumapili niliouogopa mwezi mzima.

Katika nyumba hii mke mpya hupika kwenye jiko la mama mkwe mpaka siku mashangazi watakapokuja kula naye. Akila nao vizuri hadi mwisho, anapewa mafiga yake matatu na kuwasha moto wake mwenyewe. Akiinuka katikati, wanasema chakula chao kimemshinda, na mafiga yanangoja mwaka mwingine.

Mimi, kwenye milo ya kawaida tu, nimeshainuka katikati mara nne tangu niolewe. Sipendi. Kifua kinabana kama mtu anakamua shuka iliyolowa, tonge linakaa hapo, halishuki wala halipandi, na machozi yanatoka yenyewe. Mara ya kwanza tulidhani ni moyo. Mume wangu Ambokile akanipeleka hospitali, wakanibandika waya kifuani, wakapima, na daktari akasema moyo wangu mzima. Tatizo ni umio, ile njia ya kupeleka chakula tumboni. Misuli yake inabana bila mpangilio. Akaniandikia karatasi ya mambo ya kufuata. Karatasi hiyo naifunga kwenye pindo la kanga. Sijamwonyesha mama mkwe, maana ningelazimika kusema kitu huku ananitazama.

Katika ndoto, kushoto kwangu alikuwa amekaa Haraka. Alikuwa mwanamume mwembamba, amevaa viatu juu ya mkeka, anatazama saa ya mkononi.

"Huyu mgeni wa nani?" shangazi mkubwa akauliza.

"Wangu," nikasema. "Huwa anakula na mimi kila siku."

"Karatasi imekukataza kula pamoja na Haraka," tonge likanikumbusha kwa sauti ndogo.

"Nimeshindwa kumfukuza. Ameshanawa."

Mashangazi wananitazama. Tonge linatoa mvuke. Haraka ananigusa kwa kiwiko. Nikafanya kosa langu la siku zote: nikalimeza likiwa la moto, bila kutafuna, kisha nikanywa maji ya bomba ili lisukumwe. Maji ya bomba ya Tukuyu asubuhi yanauma mpaka mizizi ya meno.

Mkeka ukaondoka. Mimi nikabaki.

Nilikuwa nimesimama ndani ya nyumba ndefu na nyembamba, kuta zake nyekundu, laini, zenye unyevu. Mlangoni palikuwa na kibao: UMIO WA SEKERA. Jina walikuwa wamelikosea lakini sikupenda kuleta maneno.

Katikati ya nyumba palikuwa na kinu kimoja na wanawake wanne wanaotwanga. Walikuwa wanatwanga kwa kupokezana, kama tulivyokuwa tunafanya nyumbani mimi na dada zangu. Wa kwanza anashusha mchi, akiinua wa pili anashusha, kisha wa tatu, kisha wa nne. Kila mchi ukishuka, kilichomo kinuni kinasogea hatua moja kwenda chini. Kiongozi wao alikuwa mama mnene aliyejifunga kitambaa cha buluu kwenye mkono wa kulia, chini ya kiganja. Uso wake sikuuona vizuri kwa sababu ya jasho.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," akajibu kiongozi bila kuacha kutwanga. "Umekuja kutazama au kusaidia?"

"Nimekuja kuuliza kwa nini mnaniumiza."

"Sisi?" Akawatazama wenzake. "Jamani, tunamuumiza. Mimi huyu mwenzangu ameniangushia mchi wake mara nne mwaka huu, halafu ninayeumiza ni mimi."

"Mara tatu," akasema mwenzake. "Ya nne ulikuwa wewe."

Kabla hawajamaliza, tonge likafika. Lilikuwa la moto kiasi kwamba mwanamke wa kwanza aliruka nyuma na kupoteza zamu yake. Kisha maji ya bomba yakateremka juu yao. Vidole vikakakamaa. Kisha Haraka akaingia mlangoni na viatu vyake, anapiga makofi.

"Haya mama zangu, haya, wageni wanangoja, twende, twende."

Michi minne ikashuka kwa pamoja.

Mtu aliyewahi kutwanga anajua kinachotokea hapo. Michi ilikwama yote kwenye mdomo wa kinu, imebanana, na kila mmoja akawa anavuta wake. Walivyozidi kuvuta ndivyo ilivyozidi kubana. Kuta za nyumba zikakaza. Nikashika kifua, na nilipokishika nikaona nimeshika ukuta.

Tonge lilikuwa katikati ya michi. "Ningependa ieleweke," likasema, "kwamba mimi nilikuwa njiani tu."

Chini kabisa, mwisho wa nyumba, kulikuwa na lango, na mlinzi amekaa kwenye kigoda.

"Baba, tufungulie," nikamwomba.

"Hili ni lango la tumbo. Nafungua mtu akifika," akasema. "Huyo hajafika."

Pindo la kanga yangu likafunguka lenyewe. Karatasi ya daktari ikatoka, ikajinyoosha, ikawa karani mrefu mwenye mikunjo minne mwilini, mmoja kila alipokuwa amekunjwa. Akakohoa.

"Kwanza," akasoma, "moyo umeulizwa?"

"Umeulizwa. Ulisema hauhusiki."

"Vizuri. Lakini siku maumivu yakija kwa namna nyingine, au yakikataa kwisha, mimi si dawa. Rudi hospitali. Pili, chakula kisiwe cha moto sana wala cha baridi sana. Tatu, matonge madogo, yatafunwe. Nne, ukae wima. Tano, usilale mara tu baada ya kula."

"Hilo la tano limefuatwa," sauti ikasema nyuma yangu. Kilikuwa kitanda changu. Kilikuwa kimesimama mlangoni. "Nimeambiwa ningoje nje kwa muda wa saa mbili. Ninangoja."

"Sita," karani akaendelea, "Haraka atoke."

"Mimi nimealikwa," Haraka akasema.

"Na nani?"

Akaninyooshea kidole. "Anaogopa kutazamwa akila. Anataka kumaliza upesi ili wasimwone. Hiyo ni kazi yangu, naifanya vizuri."

Wote wakanigeukia: wanawake wanne, karani, kitanda, mlinzi, hata tonge kwa jinsi lilivyoweza.

"Mtoe wewe," kiongozi akaniambia. "Sisi tumeshika michi."

"Toka," nikasema.

"Hiyo ni sauti ya kumwita kifaranga. Ulipokuwa ukitwanga na dada zako, nani alikuwa anahesabu?"

Nilikuwa mimi. Popote pengine sauti yangu hujificha, lakini kwenye kinu nilikuwa nahesabu mpaka majirani wa ng'ambo ya mto walikuwa wakitwanga kwa hesabu yangu. Nilikuwa nimesahau. Na nikakumbuka pia tulichokuwa tunafanya michi ikigongana. Hatukuwa tunavuta.

"Acheni michi," nikasema kwa sauti ile ya zamani. "Msivute. Wote legezeni mikono. Vuteni pumzi, taratibu. Zitoeni, taratibu zaidi. Karani, tafuta maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja. Na wewe, Haraka, vua viatu au utoke."

Haraka alitazama viatu vyake. Akatoka. Alitembea polepole, na niliona jambo hilo linamwaibisha.

Wanawake wanne wanapumua. Maji ya uvuguvugu yanashuka kidogo kidogo. Vidole vinalegea. Mchi mmoja unaanguka pembeni, kisha wa pili. Kuta zinaachia.

"Anza wewe peke yako," nikamwambia kiongozi. "Moja."

Mchi ukashuka.

"Mbili. Wewe subiri. Tatu. Nne."

Tonge likasogea, likasogea, likapita mbele yangu. "Kumbe ni karibu hivi," likasema. Mlinzi akainuka kwenye kigoda, akafungua lango.

"Amefika," akasema, akakaa tena.

Nilifurahi nikataka kubaki. Palikuwa na joto zuri na mlio wa kinu. Lakini kiongozi akanisukuma kwa kiwiko.

"Rudi juu. Uwaambie wanaokula na wewe ulichotuambia sisi."

"Naona aibu."

"Wewe unaona aibu, mimi naona hiki." Akaninyooshea mkono wa kulia wenye kitambaa cha buluu. Chini ya kitambaa palikuwa pamevimba. "Nitatwanga kwa mkono huu mpaka lini, mwanangu?"

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, mvua inagonga bati, Ambokile ameshaenda kukama. Jumapili yenyewe. Nikafunga kanga na kwenda jikoni kabla sauti ile haijaniishia.

Tumpe alikuwa anamenya ndizi. Mama mkwe alikuwa ameinama, anapuliza moto.

"Wifi, umeamka," Tumpe akasema. "Mashangazi wanakuja saa sita. Leo ukikimbia sahani hatukufuati migombani, mvua inanyesha."

"Mama," nikasema. Nikafungua pindo la kanga na kutoa karatasi. "Huwa sikatai chakula chako. Njia yangu ya chakula inabana. Nikila cha moto upesi, nikishushia maji ya baridi, inakaza, inauma, ndiyo maana nainuka. Daktari amesema nile polepole, chakula kikiwa kimepoa kidogo, na maji ya uvuguvugu. Leo nikichelewa kumaliza, naomba mnisubiri."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema katika jiko lile.

Tumpe aliacha kumenya. "Kumbe. Mimi nilidhani ni mapishi yangu."

"Mapishi yako yana kesi yake nyingine," mama mkwe akasema. Bado alikuwa anatazama moto. "Sekela, miezi minane unakaa na jambo hili?"

"Niliona aibu, mama."

"Mimi nililala nikiwaza nimemkosea nini mtoto wa watu." Akasukuma kuni motoni. "Ugali wa leo utangoja upoe. Mashangazi wale watatu kwa pamoja hawana meno yanayotimia kumi, watashukuru. Tutakula mpaka jioni kama ni lazima. Na mafiga yako yako nyuma ya banda. Nimeyachagua tangu juzi, sitaki kuyarudisha mtoni."

Nilitaka kumshukuru lakini sauti ilikuwa imekwisha. Nikakaa. Yeye akachukua sufuria ya maji iliyokuwa pembeni ya moto, akanimiminia kikombe, akajaribu kwa kidole kama si ya moto. Alimimina kwa mkono wa kushoto.

"Mkono wa kulia umefanya nini, mama?"

"Sijui," akasema, akaupunga kidogo. "Nimeamka umevimba. Kama mtu aliyetwanga usiku kucha."

Ulikuwa umefungwa kitambaa cha buluu.

Nikanywa maji yangu kwa mafunda madogo. Yalishuka bila shida: moja, mbili, tatu, nne.