Mabuti Kwenye Beseni

Muuzaji aliniuzia jozi mbili za mabuti, kila mara akiapa kwamba hayaingizi maji. Mwongo mkubwa! Kila nilipotoka na mashua ya tanga, soksi zililowa chapachapa.

Jozi ya tatu, mama mkwe alinipokonya mlangoni. Akaivaa, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji, akakaa hivyo jioni nzima akimenya viazi.

"Mama, utapata mafua bure."

"Bora niyapate mimi hapa kuliko wewe huko."

Alipoyavua, soksi zake zilikuwa kavu.

Safari iliyofuata mawimbi yalinilowesha mpaka kofia, lakini miguu ikabaki mikavu. Nikamshukuru kwa sauti, peke yangu, kama kichaa.

Niliporudi hakuniuliza habari za bahari. Alitia mkono ndani ya buti, akapapasa mpaka kwenye vidole, ndipo akaniambia karibu.